Mwaka wa Mafuta ya Nyonyo

Mwezi uliopita walituita chuoni, sisi wazee wa idara ya kemia, tukale pilau na kupigwa picha. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na la kufanya Jumamosi ile, na magoti yalikuwa yamenipa ruhusa. Baada ya chakula mwalimu mmoja, mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yangu, akatuonyesha kazi yake mezani. Alichukua fuwele nyeupe zinazonukia kama dawa ya mafua, akazichanganya na unga mwingine mweupe unaotokana na mafuta ya nazi, akavipasha joto kidogo, na vitu viwili vikavu vikageuka kimiminika mbele ya macho yetu. Akakimimina juu ya maji aliyoyatia risasi na zebaki, akatikisa, akaacha yatulie. Kimiminika kikapanda juu, maji yakabaki chini, na zile metali nzito, alisema, zimehamia huko juu. Hakuna petroli, hakuna mafuta ya taa, hakuna mvuke wa kumwua mtu. Viyeyushi rafiki wa mazingira, ndivyo anavyoviita. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote na kusema kwamba mimi nilianza kazi ya namna hii kabla yeye hajazaliwa, huko Tarime, kwa mafuta ya nyonyo. Watu wakapiga makofi. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini niliacha. Nikasema vifaa vilikuwa haba. Uongo mtupu! Vifaa nilikuwa navyo na mafuta yalifanya kazi. Wiki nne sasa uongo huo unanikera kama punje ya mtama kwenye jino, na ndiyo maana naandika sura hii kabla ya nyingine nilizokusudia.

Nilipanga vyumba viwili Nkende, mjini Tarime, kwenye nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Ghati. Cha mbele nililala, cha nyuma nikakifanya maabara, kama meza moja, jiko la mchina, chupa kumi na mbili na pipa la bati lenye koki chini vinaweza kuitwa maabara. Kuta hazikufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anamwambia pole. Utadhani katika nyumba ya namna hiyo mtu hawezi kuwa mpweke. Jaribu uone. Mama Ghati na wapangaji wake walizungumza Kikurya kutwa, wakicheka, wakigombana, na katikati ya maneno nisiyoyajua yalichomoza ya Kiswahili moja moja: mafuta, maji, chuo, huyu dada. Nilijua kwamba nasemwa, sikujua nasemwaje. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina shahada na koti jeupe, na kuna siku nilikaa kitandani mchana kutwa nikisubiri mtu yeyote abishe hodi, hata kama amekosea mlango.

Mwaka ule dhahabu ilikuwa imewapandisha watu wazimu. Walikuja kutoka kila upande, wengine wakivukia Sirari na Kiswahili chao cha Kenya, wengine kutoka huko Usukumani, na mawe yalibebwa kwa viroba kutoka machimboni hadi kwenye mto mdogo nje ya mji, kwa sababu huko machimboni maji yalikuwa ya kugombania. Hapo mtoni palikuwa na mwalo, mahali pa kusaga mawe na kuosha mchanga. Watu walichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu ndani ya karai, zebaki ikashika dhahabu, wakaikamua kwa kitambaa, kisha wakachoma kile kidonge juu ya moto. Zebaki ikaondoka na moshi, dhahabu ikabaki. Maji yaliyobaki yalikwenda kwenye madimbwi, na kutoka kwenye madimbwi yakaenda mtoni, na kule chini kina mama walikinga ndoo. Ndiyo kazi iliyonileta. Profesa wangu alitaka zebaki iliyoyeyuka kwenye maji ivutwe itoke, lakini vitabu vyote tulivyokuwa navyo vilitumia viyeyushi vya petroli. "Utaondoaje sumu kwa kumwaga sumu?" aliniuliza. Sasa nyonyo ilikuwa imeota yenyewe nyuma ya kila choo pale Nkende. Nikakusanya mbegu, nikakamua mafuta, nikayachemsha taratibu pamoja na unga wa salfa, maana zebaki inaipenda salfa mno, ikikutana nayo haiiachi. Nikapata mafuta mazito, ya rangi ya asali iliyoungua.

Lakini harufu yake! Mafuta yale yakichemka yalinuka mayai viza, na kwa kuwa kuta hazikufika juu, tulikula harufu ile sote. Mama Ghati alivumilia wiki mbili. Siku ya kumi na tano alisimama mlangoni kwangu na upande wa kanga puani. "Dada, hiyo dawa yako," akasema, "ni kama kuku ameatamia mwaka mzima na hajatotoa hata kimoja." Nikaomba radhi, nikaahidi kuchemshia nje, nyuma ya ukuta. Haikusaidia. Mama wa chumba cha pili alikuwa amekwisha waambia wanawe wasipite mbele ya mlango wangu. Wapangaji wakapunguza salamu hadi ikawa kutikisa kichwa. Jumapili wote walikwenda kanisani wakiwa wamepiga pasi, nami nikabaki uani na sufuria yangu ndogo ya wali, nikala nimesimama, kwa sababu kukaa peke yako na kujitandikia mkeka ni kukubali kwamba huna mtu. Barua kutoka chuoni zilikuja kwa basi mara moja kwa mwezi, nazo ziliuliza matokeo tu.

Aliyeniletea maji ya majaribio alikuwa Rebeka, mpangaji wa chumba cha nne. Huyu hakuwa Mkurya. Kwao ni Natta, upande wa Serengeti, karibu na pori la akiba. Alikuwa amenizidi miaka mitatu au minne. Alikuja kwa ajili ya dhahabu kama wengine, ila hakuwa na shimo wala mawe, aliosha marudio: mchanga ambao wenzake wamekwisha uosha na kuutupa, yeye anauokota na kuuosha tena. Kila jioni akirudi alinibebea dumu moja la maji ya dimbwi. Kwa wiki sita mazungumzo yetu yote yalikuwa haya: "Madamu, maji yako." "Asante, Rebeka." Naye anakwenda kwake, anafunga mlango, nasikia anawasha jiko, nasikia sufuria, nasikia hata anavyomeza maji. Mimi upande huu, yeye upande ule, kila mtu na ugali wake. Sikuwahi kujiuliza kwa nini naye hakai uani na wenzake.

Siku moja alinikuta napima. Sikuwa na mashine ya kupimia, hiyo ilikuwa Dar es Salaam. Pale nilitumia waya wa shaba uliosuguliwa kwa jivu hadi ukang'aa wekundu. Nilitia tone la asidi kwenye maji ya dimbwi, nikauchovya waya, nikausugua kwa kitambaa, na ukatoka mweupe kama fedha. Zebaki hiyo, imeng'ang'ania shaba. Kisha nikachukua maji hayohayo baada ya kuyatikisa na mafuta yangu na kuyafungulia kwa koki ya chini, nikachovya waya mwingine, nikasubiri, nikasugua. Ukabaki mwekundu vilevile. Ilikuwa mara ya kwanza kuona waya umebaki mwekundu kabisa. Nikapiga ukelele kama mwehu. Rebeka alikuwa bado amesimama mlangoni na dumu. "Umefanyaje hapo?" akauliza. Sikuwa nimeulizwa swali na mtu mwenye uso, si barua, tangu nifike, na nilitaka sana anielewe, kwa hiyo nikamwambia kwa lugha ya mwaloni.

"Zebaki inashika dhahabu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mafuta yangu yanashika zebaki."

Akaweka dumu chini. Akaingia ndani, akaketi kitandani kwangu, akayatazama yale mafuta kwenye chupa muda mrefu. "Kwa hiyo," akasema polepole, "ile dhahabu inayokimbia na zebaki, imo humo."

Msomaji usimcheke. Pale mwaloni kila mtu alijua kwamba dhahabu nyingine hukimbia na vichembe vya zebaki na kupotelea kwenye maji. Rebeka aliishi kwa ujuzi huo huo. Alifikiri sawasawa kabisa kwa aliyoyajua. Asichojua ni kwamba zebaki niliyoivuta mimi ilikuwa imeyeyuka kwenye maji kama chumvi, haionekani, na haikubeba dhahabu yoyote. Mimi nilijua. Nilifungua mdomo kumwambia. Lakini alikuwa ameketi kitandani kwangu, miguu ina tope la dimbwi mpaka magotini, na nikaona kwamba nikisema hapana atainuka, atasema haya, madamu, na mlango wa chumba cha nne utafungwa. Nikasema, "Tutaona."

Neno moja tu, jamani. Alibaki. Tukala pamoja siku ile, wali wangu na dagaa wake, na akanicheka kwamba naukaanga wali mpaka unakuwa kama mchanga wa karashani, ile mashine ya kusagia mawe. Kesho yake alileta ugali wa mtama na muhogo, ule wanaouita ubukima, mweusi, mzito, nami nikaukata kwa kijiko. "Wee msomi," akasema, "unakata ugali kama sabuni ya mche?" Akanifundisha kufinyanga tonge na kulitia shimo kwa kidole gumba. Tangu hapo akaacha kuniita madamu, akaniita dada. Alikuwa msimuliaji mzuri, bila haraka. Alinieleza tembo walivyoingia shambani kwao Natta usiku mmoja na kumaliza mtama wa mwaka, na mama yake alivyowapigia debe bovu huku akiwatukana kwa Kinata, akawatukana mpaka ukoo. Alinieleza kwamba anataka kurudi nyumbani, lakini si mikono mitupu, maana aliondoka kwa maneno makubwa. Mimi nilimweleza mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu na siyaandiki hapa.

Habari haikukaa chumbani kwangu. Katika nyumba isiyo na kuta ingekaaje? Wiki haikuisha, Mama Ghati akaniletea bakuli la maziwa mgando, akakaa kwenye kigoda changu, akasema harufu ile ukiizoea si mbaya, inafungua kifua. Mama wa chumba cha pili akawa ananisalimia kwa majina mawili. Mjini kulikuwa na Mzee Shabani, fundi bati, mtu wa swala tano, ndiye aliyenitengenezea lile pipa. Mara ya kwanza nilimkumbusha kuhusu koki mara nne na bado ikavuja. Sasa nilipokwenda kumwagiza faneli akaacha kazi za watu wote. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu ukae, chukua kahawa." Aliunga ile faneli kwa risasi ya kulehemu kana kwamba anatengeneza taji, halafu akainama na kuninong'oneza: "Ikionekana, usinisahau." Nikacheka. Sikusema hapana. Nilikuwa nimesema tutaona mara nyingi kiasi kwamba ilikuwa kama salamu. Na niseme wazi, kwa kuwa nimekuwa mzee na sina wa kumwogopa: ile miezi mitatu ndiyo iliyokuwa na furaha kuliko yote niliyoishi katika umri ule. Niliulizwa nimelalaje. Nilipougua malaria nililetewa uji wa ulezi na watu watatu tofauti, sufuria tatu zikagombana mlangoni. Nilijua wanakuja kwa sababu ya mafuta. Nilijua, na nikawa nayatunza yale mafuta yakae wazi yaonekane.

Mafuta yaliyokwisha kunywa zebaki sikuwa na pa kuyapeleka. Mpango ulikuwa kuyapeleka Dar, zebaki itolewe kwa asidi, mafuta yatumike tena. Mpaka wakati huo niliyatia kwenye dumu la lita ishirini, na kwa kuwa nilikuwa nayatikisa pia na tope la chini ya madimbwi, ambako zebaki ilijaa, yalikuwa makali. Nikaandika kwenye dumu kwa rangi nyekundu, SUMU, herufi kubwa, nikajiona nimetimiza wajibu. Rebeka aliyaona maandishi akaguna. Sikulielewa lile guno. Nilikuja kujua baadaye, kwa kinywa cha Mama Ghati, kwamba mwaloni kila mtu mwenye kitu cha thamani alikiandika sumu. Kiroba cha mawe mazuri, sumu. Chupa ya zebaki, sumu. Hata mmoja aliyekuwa anaficha unga wake wa mahindi aliuandika sumu. Kwa watu wale nilikuwa nimebandika tangazo.

Ikaja barua kutoka chuoni: nikusanye maji safi ya kulinganishia kutoka upande wa Serengeti, kisha nijiandae kurudi Dar na vifaa vyote. Mama Ghati akaisikia, nyumba nzima ikaisikia. Rebeka akanisaidia kufunga chupa kwenye boksi la majani makavu. "Na mafuta?" akauliza.

"Nitakwenda nayo."

"Yatapimwa huko?"

"Yatapimwa."

"Sasa dada, sisi huku tutajuaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Alikuwa ameuliza kwa upole, hata hakunitazama, alikuwa anafunga kamba. Nikamwambia nikirudi kutoka Mugumu, huko Serengeti, tutakaa tuzungumze. Akasema haya. Akaniomba, kwa vile nitafika upande wa kwao, nipitie Natta nimpe mama yake salamu na kilo mbili za sukari.

Siku tano nilizunguka. Nilichota maji ya mto Manchira, kule watu wa Mugumu wanakopata maji yao, nikauchovya waya wangu ukabaki mwekundu, na nilikaa ukingoni nikiyatazama yale maji yasiyo na kosa lolote. Siku ya nne lori la mahindi likanishusha Natta. Mama yake Rebeka alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mikono kama ya binti yake. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaupokea mfuko wa sukari kwa mikono miwili, akachinja kuku bila kuniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu lakini alikitumia chote. Alisema Rebeka alituma salamu kwa mtu wa kambi ya watalii. "Alisema yuko sawa. Alisema siku hizi hali chakula peke yake." Akanitazama. "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akanishika mkono akaushikilia wakati wote nilipokuwa nakula kwa mkono mwingine, na kila nikimaliza paja ananiongezea shingo. Nilipoondoka alinipa karanga mbichi kwenye kitambaa, na akasema nimwambie binti yake arudi tu, hata mikono mitupu, hakuna anayemsema. Nikiwa juu ya lile lori nikaapa kwamba nikifika, kabla hata ya kuvua viatu, nitamwambia Rebeka ukweli.

Nilifika Nkende mchana, mvua imetoka kukatika. Uani hapakuwa na mtu ila Mama Ghati, amekaa kwenye ngazi ya jiko la nje, mikono mapajani. Hakuinuka. "Mwenzio yuko hospitali," akasema, "tangu juzi." Nikauliza ana nini. Akanionyesha mlango wa jiko kwa kidevu.

Jiko lile lilikuwa kibanda cha matofali chenye dirisha dogo. Sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, ndani yake utando mweusi uliokauka na kupasuka, na kuta zilikuwa na masizi ya kunata ambayo hayakuwa ya kuni. Harufu ilikuwa salfa na kitu kingine. Kwenye dirisha kulikuwa na kitenge kilichosokotwa kuziba. Mama Ghati akanieleza. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wote wako kazini, Rebeka hakwenda mwaloni siku ile. Alifunga mlango na dirisha ili moshi usiwaite watu, akachoma mafuta kama wanavyochoma zebaki, akainama juu yake kuangalia kitakachobaki. Alikuwa amezoea kuchoma kidonge cha ukubwa wa harage, nje, upepo ukivuma. Hapa alichoma sufuria nzima, na mafuta hayaishi upesi. Mama Ghati alirudi kutoka sokoni akasikia mtu anakohoa kama anataka kutapika kifua chenyewe. Alipovunja mlango alimkuta ametambaa mpaka kizingitini. Daktari aliambiwa moshi wa kuni.

Nikaingia kwenye maabara yangu. Kufuli lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo wangu wa akiba, ambao mimi mwenyewe nilimwachia. Dumu lilikuwa mahali pake. Nikaliinua. Lilikuwa jepesi. Nikalitazama kwenye mwanga wa dirisha, na mafuta yalikuwa yamefika nusu, nusu kamili, mtu alikuwa amepima. Nikakaa sakafuni nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Hospitalini nilikwenda moja kwa moja kwa daktari, nikamwambia yote: salfa, zebaki, kiasi gani, tope la wapi. Alikuwa kijana mpole, lakini alivua miwani akaniuliza, "Na wewe umesoma?" Nikasema ndiyo. "Nimemtibu nimonia siku mbili," akasema, "siku mbili, dada yangu." Akaondoka haraka kubadilisha dawa, akaamuru ile mashine ya hewa iliyokuwa wodi nyingine ihamishwe. Wiki ile nzima hatukujua kama atapona. Nilikaa kwenye benchi la nje, Mama Ghati akija na uji, asinisemeshe, ananiachia kikombe pembeni. Watu wa mwaloni walikuja kumwona mgonjwa wakanipita. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimerudi kule kule nilikoanzia, ila safari hii nilistahili. Sijui mpaka leo kipi kilimuumiza zaidi, salfa au zebaki. Vyote nilivitia mimi. Niliandika Dar kwamba kazi imekoma, nikauweka ukweli ndani ya barua, na profesa akajibu kwa mistari miwili.

Akapona. Si kupona kwa kuruka ruka. Kifua kikabaki na mluzi, na mikono ikawa inatetemeka kiasi kwamba hawezi kushika karai. Kaka yake akaja kutoka Natta kumchukua. Asubuhi ya kuondoka nilipewa nafasi ya kuagana naye. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kwenda kanisani, amekonda. Nikamwambia salamu za mama yake, kwamba arudi tu hata mikono mitupu. Akaangalia mikono yake.

"Nusu yako niliiacha," akasema. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Nilipima kwa chupa. Sikukuibia."

"Najua."

"Hiyo nusu yako," akasema, na ikabidi apumzike kidogo ndipo aendelee, "imetoa kiasi gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Ningeweza kusema tutaona. Neno lilikuja mpaka mdomoni, Mungu anisamehe, lilikuja lenyewe kwa mazoea.

"Haikuwemo, Rebeka," nikasema. "Dhahabu haikuwemo. Hata chembe."

"Kwenye yangu, au kwenye yote?"

"Kwenye yote."

"Ulipima lini?"

"Sikuhitaji kupima. Nilijua tangu siku ile uliyokaa kitandani kwangu."

Akanitazama. Nilitaka apige kelele. Nilitaka amwite kaka yake anitoe nje. Akauliza tu, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu iliyomshinda, "Sasa ulikaa kimya kwa nini?"

Nikamwambia. Nikasema nilikuwa peke yangu, nikaogopa kwamba nikisema hakuna kitu, hutarudi tena kula na mimi. Nilipolisema kwa sauti lilikuwa jambo dogo mno, jambo la mtoto, na yeye alikuwa anahema mbele yangu kwa mluzi.

"Ningekuja tu," akasema. "Dada, mimi ningekuja tu. Unafikiri mle ndani chumba cha nne nilikuwa nakula na nani?"

Kaka yake akachungulia mlangoni, akauliza kama tumemaliza. Rebeka akasema tumemaliza, akampa kaka yake mkono amwinue.